Ghala Liko Mafinga, Mnunuzi Yuko Mbeya

Msomaji wa Mbeya mjini, mhasibu wa kampuni yenye matawi hadi Makambako na Iringa, ameuliza swali ambalo wengi wanaoandaa ripoti za mauzo watalitambua. Kila akiongeza hatua moja kwenye programu ya uchambuzi, onyesho la awali la data linabaki likizunguka tu. Ameambiwa linaonyesha mistari 1,000 pekee. Sasa mistari 1,000 inachukuaje dakika kumi? Na je, anunue kompyuta mpya?

Asinunue kwanza. Mambo ya RAM na prosesa nayaruka, kila fundi wa Mwanjelwa, palepale Mbeya, atamweleza. Kinachostahili nafasi hapa ni swali la wapi kazi inafanyika.

Wengi huanza kwa kulaumu umbali wa seva. Tuseme seva iko Dar es Salaam: kutoka huko hadi Mbeya kwa barabara ni kilomita 830 hivi. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo wa mawasiliano husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali kutoka Mbeya na jibu lake kutoka Dar ni safari ya milisekunde 8 au 9, ukiacha muda wa mitambo ya njiani. Hata seva ikiwa Ulaya, kwenda na kurudi ni sehemu tu ya sekunde. Umbali hauli dakika kumi. Mzigo ndio unaozila.

Chukua jedwali la kufikirika lenye mstari mmoja kwa kila mtu aliyehesabiwa katika Sensa ya Agosti 2022, ile ambayo makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi. Lingekuwa na mistari 61,741,120. Mkoa wa Mbeya ungechukua 2,343,754 na Iringa 1,192,728. Tuseme kila mstari una baiti 200 na intaneti ya ofisi inavuta megabiti 10 kwa sekunde. Kulivuta jedwali zima ni saa 2 na dakika 44. Kuvuta Iringa peke yake ni dakika tatu na kidogo. Kuvuta mistari 1,000 tu ya Iringa ni chini ya sekunde moja kabisa: sekunde 0.16. Na angalia ajabu yake: katika hali zote tatu, ukishachuja Iringa, kinachoonekana kwenye skrini ni kilekile, mistari 1,000 ya watu wa Iringa. Tofauti ni nani aliyechuja, na alichujia wapi.

Hebu tuweke ghala la mahindi Mafinga na mnunuzi Mbeya. Mnunuzi hataki kununua leo, anataka kuona mali. Kwa kawaida mtu huchukua bambo, akachoma gunia, punje chache zikateremka kiganjani, akaangalia ukavu na matundu ya dumuzi, basi. Onyesho la awali ni bambo. Ila huyu ana sharti: anataka mahindi ya msimu huu tu. Akimpigia simu mtunza ghala na kumweleza sharti hilo, mtunza ghala anakwenda moja kwa moja kwenye rundo la msimu huu, anachoma bambo, anafunga punje kwenye mfuko na kumpa kondakta wa basi la jioni. Asipomweleza, akasema tu "leta mahindi", ghala zima linapakiwa kwenye malori, malori yanapita Makambako, yanafika Mbeya, vibarua wanashusha, magunia ya msimu uliopita yanatengwa pembeni, ndipo mnunuzi anachomoa bambo lake. Kiganjani anapata punje zilezile ambazo kondakta angemletea. Kesho akiongeza sharti la pili, aina ya mbegu kwa mfano, malori yanarudi Mafinga kupakia upya. Hivyo ndivyo zinavyokwenda dakika kumi za mhasibu wetu kwa kila hatua.

Kazi anayoifanya mtunza ghala kwa simu moja naiita kuchambulia chanzoni. Power Query, iliyomo ndani ya Excel na Power BI, huifanya kwa kuzikusanya hatua zako zinazotafsirika, ikazigeuza kuwa agizo moja la SQL, lugha ya kanzidata, ikalituma kwenye kanzidata. Kanzidata inachuja, inaunganisha, inajumlisha, na kurudisha mistari michache tu.

Lakini nani aliipa programu ruhusa ya kubadilisha mpangilio wa kazi uliyoiagiza? Hapa ndipo panaponifurahisha kuliko pote. Mwaka 1970 Edgar Codd, mwanahisabati wa IBM huko San Jose, California, alipendekeza data zitazamwe kama majedwali yanayotii kanuni za hisabati. Kati ya kanuni zilizotokana na wazo hilo, moja ina nguvu za ajabu: kuunganisha majedwali mawili kisha kuchuja, na kuchuja kwanza kisha kuunganisha, hutoa jibu lilelile, mradi sharti la kuchuja linahusu jedwali moja. Unganisha jedwali letu la sensa na orodha ya kata, kisha uchuje Iringa: mashine imeoanisha mistari zaidi ya milioni 61. Chuja Iringa kwanza: imeoanisha milioni 1.2. Jibu halijabadilika hata kwa mtu mmoja, na kazi imepungua zaidi ya mara 50. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM walieleza jinsi mfumo wao, System R, ulivyokadiria gharama za njia mbalimbali halali na kuchagua iliyo nafuu. Mtumiaji anaandika anachotaka, kwa mpangilio wowote uliomjia kichwani, na mashine inatafuta njia fupi ya kukipata bila kugusa maana yake. Sijui uvumbuzi mwingi wa ofisini wenye uzuri kama huo.

Hatua ngumu zaidi ni kupanga. Ukichuja, mistari ya kwanza inaweza kutoka mara tu inapopatikana. Ukiomba watu 1,000 wenye umri mkubwa kuliko wote, hakuna anayeweza kutajwa mpaka kila mstari usomwe, kwa kuwa mzee kuliko wote huenda yuko mwishoni kabisa. Punje 1,000 kubwa za ghala zima hazipatikani kwa bambo. Kila gunia litamwagwa. Hata hivyo mtunza ghala mwerevu hapangi ghala zima. Anashika sinia lenye punje 1,000, na kila punje mpya anailinganisha na ndogo kuliko zote iliyomo siniani. Ikiizidi, inachukua nafasi yake. Anapita mara moja tu, na sinia haliongezeki. Kanzidata hufanya vivyo hivyo, na ikiwa na faharasa ya umri, yaani orodha ya umri iliyokwisha kupangwa, haina haja hata ya kupita kote. Ila sinia hilo liwe Mafinga.

Lakini mnyororo wa hatua zinazotumwa chanzoni hukatika kwenye hatua ya kwanza isiyotafsirika, na kuanzia hapo kila kinachofuata hufanyika kwenye kompyuta yako, hata kama kingetafsirika. Wakataji wa kawaida ni safu ya namba za mfululizo, kubakiza mistari ya mwisho, kukuza herufi ya kwanza ya kila jina, na kuoanisha jedwali la kanzidata na faili la Excel. Bofya hatua kwa kitufe cha kulia cha kipanya, tafuta chaguo la kuonyesha agizo linalokwenda kwenye kanzidata. Likiwa limefifia, mara nyingi mnyororo umeshakatika. Panda hatua kwa hatua mpaka umpate mkataji, umsogeze chini. Kumbuka pia kwamba takwimu za safu zinazoonekana hapo kwa kawaida huhesabiwa kwa mistari 1,000 ya kwanza tu, na bambo la mdomoni mwa gunia halioni kilicho chini.

Faili za CSV na Excel, ambazo ndizo matawi mengi hutuma, hazina mtunza ghala kabisa: hakuna wa kupokea agizo, na programu huzisoma yenyewe. Dawa ni kuzipa mtunza ghala: kanzidata ya PostgreSQL, kwa mfano, ni ya bure. Faili za matawi zipakiwe humo kila usiku, faharasa iwekwe kwenye safu ya tarehe na safu ya tawi, programu ielekezwe huko, na kuchuja tarehe kuwe hatua ya kwanza. Namba za mfululizo, kama meneja anazitaka, ziwekwe mwisho kabisa.