Mwenye boti mpya Mto Tana: Ijue injini kabla ya kubeba abiria

Aprili 2024, mafuriko yalipofunika barabara ya Garissa–Madogo, boti iliyobeba abiria ilipinduka Kona Punda na watu wakapoteza maisha. Wakazi wanaonunua boti ya injini kwa mara ya kwanza wanashauriwa kuanza mazoezi bila abiria, mto ukiwa umetulia.

Injini hupozwa kwa maji ya mto, na Tana hubeba tope jingi. Kila unapoiwasha, tazama maji yanayotoka kwenye tundu dogo la injini. Yakikatika, zima mara moja, upige kasia hadi ukingoni na uzibue tundu; ukiendelea, injini itachemka na kuharibika.

Unapotaka kutua, elekeza boti upande maji yanakotoka: mkondo utakupunguzia mwendo. Jifunge kamba ya kuzimia injini ili ukianguka, boti isiendelee peke yake. Kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha, na idadi isizidi inayoruhusiwa.

Mabwawa ya Seven Forks yakifurika, Tana hupanda hapa Garissa hata bila mvua. Tahadhari ikitolewa, usivushe mtu.