SHANGINGI LIKISHIKWA NA MDUNDIKO... USIKIMBILIE SHOKAPU!

Mjini siku hizi kijana akipata vijisenti anatafuta shangingi kuukuu, lile Land Cruiser VX 80 la miaka ya 1990 ambalo enzi zake lilikuwa la vigogo watupu. Akishalipata, kinachofuata ni kulinyanyua. Springi ndefu, tairi pana zenye meno, basi, mtaa mzima unageuza shingo. Kwa kuuza sura halina mpinzani, hilo sibishi. Balaa linaanza ukishatoka kwenye foleni.

Wanaoendesha wanaujua mchezo. Uko 80 hivi, njia nyeupe, unapita juu ya kiraka kidogo tu cha lami... mara usukani unapandwa na mdundiko! Dashibodi inagonga, vioo vinatetemeka, tairi za mbele zinacheza kushoto kulia kama zinagombana. Wamarekani wanauita mtikisiko wa kifo, na hawatanii.

Likikukuta, usikanyage breki kwa ghafla wala usishindane nalo kwa kukata usukani. Achia mafuta, shika kwa mikono miwili, acha mwendo ushuke wenyewe, kisha egesha pembeni. Hapo ndipo uanze kutukana.

Mshikaji wangu mmoja lilimkuta mara mbili katika Barabara ya Morogoro, semitrela zikija mbele yake. Na wiki mbili baadaye alikuwa awabebe wajomba watatu na shangazi kwenda Morogoro kumposea! Gereji ya kwanza ilimfungia shokapu mpya ya usukani, ile inayolala kando ya fito zake. Siku tatu akatamba. Ya nne, mdundiko ukarudi palepale.

Jumamosi tukaenda kwa mzee mmoja fundi pale Gerezani. Hakugusa spana.

"Washa gari. Wewe mwenyewe kaa kwenye usukani, zungusha kidogo kushoto, kidogo kulia, usiache mpaka niseme," alimwambia jamaa. Mimi akaniita chini, tukalala kwenye boksi. "Kodoa macho, mwanangu. Mahali panapochelewa kuufuata usukani ndipo penye ugonjwa."

Nikakodoa. Tairodi endi moja inaruka. Bushi ya panhadi, ile fito inayoikataza ekseli kwenda upande, imelika mpaka boliti linacheza. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini, akatikisa: beringi za kingpini nazo zimelegea.

"Mzee, sasa ile shokapu niliyofunga?" jamaa akauliza.

"Dawa ya maumivu hiyo, mwanangu. Inanyamazisha, haiponyi."

Lakini vifaa kulika ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni pembe, na hapa ndipo wengi wanapigwa chenga. Tazama baiskeli kwa ubavu: uma wa mbele haukusimama wima, umelala kuelekea kwa mwendeshaji. Mlalo huo husaidia tairi kunyooka lenyewe. Gari nalo liko hivyohivyo, na VX 80 lilitoka kiwandani na mlalo wa nyuzi 3 hivi.

Sasa piga hesabu. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma mpaka kwenye chesisi. Ukinyanyua gari inchi 2, yaani sentimita 5, mikono inainama na ekseli inazunguka nayo. Tuseme mkono una sentimita 90: umeinama nyuzi 3 na ushee. Kwisha habari yako! Mlalo wote wa kiwandani umeyeyuka, na tairi halijui tena mbele ni wapi.

Dawa yake ni bushi maalumu ambazo tundu lake haliko katikati. Zinairudisha ekseli nyuma. Kwa inchi 2 kwa kawaida zinatosha. Ukinyanyua zaidi, unahitaji mabano ya kushusha ncha za mikono kwenye chesisi, au mikono iliyotengenezwa kwa pembe hiyo. Ila usizidishe, maana mengi ya VX 80 propela ya mbele huzunguka muda wote, na pembe yake ikiharibika itaanza kuvuma.

Ile panhadi nayo ina visa vyake. Gari likipanda, inaivuta ekseli upande mmoja. Dawa ni panhadi ya kurefusha na kufupisha. Kuna wajanja watakuuzia mkono wa usukani ulioshuka, eti unanyoosha fito. Kuwa macho! Fito ya usukani na panhadi inabidi zilale sambamba. Ukishusha moja na kuiacha nyingine, kila tuta litakukatia kona bila ruhusa yako.

Jamaa alitaka fito ya zamani ichomelewe ili kuokoa hela. Mzee akakataa katakata: "Kwenye usukani mimi sichomelei. Tafuta nyingine." Nilimpenda hapohapo.

Kazi ilichukua siku mbili: tairodi endi, bushi, beringi za kingpini, panhadi, kisha wili balansi, na mwisho kabisa alaimenti. Alaimenti kabla ya kuondoa ulegevu ni kutupa hela. Jumatatu jioni tulikwenda hadi Kibaha. Tukapita viraka vilevile, 80... kimya. Jamaa akaachia vidole kidogo, usukani ukarudi wenyewe katikati. Nilimpiga kofi la mkono, ashike.

Posa ilikubaliwa, wajomba walirudi wamesinzia. Mzee alikuwa ameagiza gari lirudishwe baada ya kilomita 500 boliti zikazwe upya, na jamaa akalirudisha. Tatizo alikwenda na swali: je, zile tairi kubwa zaidi zitaingia? Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, akamwambia kwanza aoe.