Umechoka na kunguru? Nenda Jozani kwa shorobo!

Muulize kijana wa Mji Mkongwe ndege gani anamjua, atakwambia kunguru. Si kosa lake, wametujalia tele! Lakini kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ale taka za mji. Akazila, na mayai na makinda ya ndege wengine pia. Miaka ya 1990 walipunguzwa sana. Kampeni iliposita, wakarudi.

Wenyeji wapo, ila uwafuate. Panda daladala ya Makunduchi, shuka Jozani asubuhi na mapema, utazame juu. Shorobo ni kijani, ana kishungi chekundu, na akiruka utaona mbawa nyekundu kama kisutu cha harusi. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, ati!

Pwani ya mashariki nako, msimu wa kaskazi maji yakitoka, mtafute ndege mweupe na mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo ni mgeni wa heshima: huzaa Uarabuni, hutaga ndani ya shimo mchangani.

Na ukila chipsi Forodhani, mabaki usiyatupe ovyo. Ukimshibisha kunguru, wanaoumia ni wenye viota.