Sabufa ndani ya nyumba ya shitingi

Siku hizi vijana wetu wakishuka soko la Gisenyi wanarudi na sabufa, ati ya kusaidia redio ndogo ya nyumbani. Wazazi wanatuuliza sisi walimu: kitu hiki kinaleta nini zaidi ya kelele?

Faida iko. Bafle ya redio yenye upana wa sentimita 8 haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nzito. Ndiyo maana katika rumba yetu, gitaa la Franco unalisikia vizuri lakini gitaa la besi linapotea. Sabufa inachukua sauti hizo za chini tu, mitetemo kama 100 kwa sekunde kurudi chini.

Kuunganisha si kazi. Tafuta nyuma ya redio tundu la kutolea sauti. Tundu la hedifoni nalo linafaa, ila mara nyingi linanyamazisha bafle za redio. Waya za bafle zenyewe msizichomeke katika tundu dogo la sabufa, zinaweza kuiunguza. Kifungo cha kukata sauti kiwe karibu na 100. Kikipanda sana, waimbaji wanaanza kuongea kama wako ndani ya pipa.

Wenye sola, muangalie wati. Sabufa inayokula wati 50 kwenye batri ya volti 12 inavuta ampea 4 na zaidi, kwa hiyo batri ya ampea-saa 7 haifikishi saa mbili. Iwekeni kwenye kona: besi inaongezeka bila kuongeza moto. Lakini iwe kona iliyo mbali na jirani.

Jirani ndiye shida kubwa. Wimbi la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita 7. Ukuta wa udongo haulizuii, shitingi ndiyo kabisa. Yeye hasikii wimbo, anasikia dududu tu. Na hapa Rubavu mtikisiko si mchezo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitetemeka siku nyingi, nyumba zikapasuka Gisenyi na Goma, watu wakalala nje. Darasani tuko na watoto ambao mpaka leo, ukuta ukinguruma usiku, wanatoka mbio.

Basi vijana, mmoja wenu aombe ruhusa kwa mama wa jirani, asimame ndani kwake, wengine wakiongeza sauti polepole. Akisikia mngurumo, rudisheni chini. Ikifika saa tatu usiku sabufa izimwe. Redio itaendelea kuimba yenyewe.