Je, Wajua? Changarawe ya Msituni Inavyoitunzia Chang'ombe Maji

Ukifungua bomba Chang'ombe, Temeke, jijini Dar es Salaam, mwezi wa Septemba na likatoa maji, ujue hayo si ya mvua ya juzi. Masika yaliisha Mei, vuli bado haijaanza, na mawingu yanayopita juu ya Uwanja wa Uhuru hayadondoshi kitu. Maji hayo yalinyesha milimani miezi kadhaa nyuma, yakazama ardhini, yakakaa huko, kisha yakaachiwa mtoni kidogo kidogo. Mojawapo ya ghala zilizoyahifadhi ni udongo ambao mkulima akiuona hutikisa kichwa na kupita: udongo wa changarawe ulio kando ya vijito vya msituni.

Mtambo wa maji wa Mtoni, jirani na Chang'ombe, ulijengwa mwaka 1949 ili kuchota maji ya mto Kizinga, unaoshuka kutoka vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe. Jiji lilipopanuka Kizinga haukufua dafu, ikajengwa mitambo ya Ruvu Juu mwaka 1959 na Ruvu Chini mwaka 1976. Mto Ruvu, unaolisha mitambo hiyo, chimbuko lake ni milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Kwa hiyo ndoo ya maji Temeke ina deni kwa misitu ya pande mbili, na kwa ardhi iliyo chini ya misitu hiyo.

Udongo huu unavyozaliwa

Kijito cha mlimani hakisukumi mawe kila siku. Siku nyingi kinapita kimya, maji yake yakiwa maangavu. Mvua kubwa ikishuka, kinabadilika: kinabeba mawe, changarawe, mchanga na tope kwa pamoja. Kasi ikipungua kinatua mzigo kwa zamu, kuanzia vizito hadi vyepesi. Mawe makubwa hutangulia, changarawe hufuata, mchanga baadaye, na tope huwa la mwisho kutulia.

Miaka mingi ikipita, kijito huendelea kuchimba chini yake. Sakafu yake ya zamani inabaki juu, tambarare, mfano wa kibaraza mbele ya nyumba. Maji hayafiki tena pale ila kwa mafuriko makubwa, na baadaye hata hayo hayafiki. Hapo miti inaota, majani yanaanguka na kuoza, na rundo la mawe linageuka udongo. Mto wenye umri unaweza kuwa na vibaraza viwili au vitatu vilivyopandana, na cha juu kabisa kwa kawaida ndicho cha kale zaidi. Rangi husaidia kuvitofautisha: cha chini mara nyingi ni cha kijivu au kahawia hafifu, na matabaka ya mafuriko bado yanaonekana. Cha juu kimekuwa chekundu, kwa kuwa chuma kilichomo kimekula kutu kwa muda mrefu.

Bahari nayo ina mkono wake katika mabonde ya pwani. Kwenye kilele cha zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, uso wa bahari duniani ulikuwa chini ya ulivyo leo kwa takriban mita 120. Mito ya pwani yetu ilichimba mabonde yake kuifuata bahari huko chini. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi juu na kuyameza mabonde hayo midomoni. Bandari ya Dar es Salaam, pamoja na mkono wa bahari wa Mzinga, ni bonde la mto lililozama. Meli inayoingia Kurasini inaelea mahali palipokuwa pa mto.

Ukichimba, utaona nini?

Tuseme umesimama kwenye ukingo uliokatwa na maji, mita moja na nusu kwenda chini. Juu kabisa kuna majani makavu, halafu udongo mweusi wenye mboji, laini, uliojaa mizizi myembamba. Mara nyingi unene wake hauzidi shubiri moja. Chini yake rangi inafifia na kokoto zinaanza kuongezeka. Ukifika usawa wa kiuno, kokoto zinagusana, na kati yake kuna mchanga na tope kidogo tu. Sururu ikigonga hapo inalia na kuruka.

Chomoa kokoto moja taratibu uitazame. Upande wake wa juu huenda una tabaka jembamba la tope lililoganda, kwa sababu maji yanayoteremka hutua vumbi lao pale. Upande wa chini mara nyingi ni safi, au una mizizi midogo iliyoufuata ufa wa unyevunyevu. Kisha tazama kokoto bapa zilivyolala: zimeegemeana, zikiinama kuelekea mto ulikotoka. Maji yaliyozipanga yameshatoweka zamani, lakini mtaalamu akiziona anajua yalitiririka kutoka upande gani.

Umbo nalo lina habari. Kokoto yenye ncha kali imetoka karibu, na iliyoviringika imesafiri. Katika Uluguru mawe mengi yametokana na miamba migumu ya kale, nayo huweza kuwa makubwa kuliko kichwa cha mtu. Pugu ni habari nyingine. Mwamba wake ni wa mchanga ulioshikamanishwa na kaolini, ule udongo mweupe ambao Wajerumani walianza kuuchimba mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa hiyo vijito vyake hubeba mchanga mwingi na changarawe ndogo ndogo.

Ila si kila changarawe imeletwa na mto. Moramu inayomwagwa kwenye barabara za mitaa huwa na vijiwe vilivyokua palepale ardhini, chuma kikijikusanya kidogo kidogo. Vunja kimoja: ndani ni kahawia au chekundu kama kutu. Kokoto ya mto ukiivunja utakuta jiwe kamili, mara nyingi jeupe na linalong'aa.

Rutuba haba, maji tele

Maabara ya udongo ina desturi moja inayouonea udongo huu. Sampuli huchekechwa kwa chekecheo la tundu za milimita 2, na kinachopita ndicho kinachopimwa rutuba. Mawe huwekwa kando. Majibu yakisema udongo una rutuba nzuri, mkulima asisahau kuuliza mawe yalikuwa kiasi gani. Kama nusu ya ujazo ni mawe, basi chakula cha mmea na unyevu unaoshikwa kwa ajili yake vimepungua karibu nusu. Tifutifu nzuri inayoweza kuuwekea mmea maji ya milimita 150 katika kila mita moja ya kina, ikichanganyika na mawe nusu kwa nusu itabaki na milimita 75 hivi.

Ndiyo maana msitu ukifyekwa juu ya changarawe, mahindi ya msimu wa kwanza hudanganya. Yanastawi kwa mboji ya miaka mingi, kisha mboji inaliwa na jua na kuchukuliwa na mvua, na shamba linabaki kokoto. Mti wa msituni unajua njia nyingine. Mizizi yake myembamba inaokota chakula juu juu, kwenye majani yanayooza, huku ile mirefu ikipenya kati ya mawe kufuata maji. Mkuyu ukiona umesimama kando ya kijito, kiangazi hakiutishi.

Udhaifu huohuo wa kushindwa kushika maji ndio unaoufanya udongo huu uwe wa thamani kwa mto. Mvua inayoanguka juu yake haitiririki sana, inazama. Katika changarawe safi maji yanaweza kusafiri mita nyingi kwa siku moja, ilhali kwenye mfinyanzi uliokaza hata sentimita chache ni kazi. Mto ukijaa, maji yanaingia kibarazani kwa ubavuni. Mto ukishuka, yanarudi. Kibaraza si ghala pekee, kwani udongo mzito wa miteremko na miamba iliyopasuka hutunza maji pia, lakini ndicho kilicho mlangoni pa mto. Watu wa Dodoma na Singida wanaofukua mchanga wa korongo kavu ili kupata maji ya kunywa wanaitumia kanuni hiyohiyo.

Mnyororo mmoja

Aliyeifundisha dunia kuusoma udongo kwa namna hii alifanyia kazi hapa kwetu. Geoffrey Milne alikuwa mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki. Mwaka 1935 alipendekeza kwamba udongo wa kileleni, wa ubavuni na wa bondeni usitazamwe kama vitu vitatu visivyojuana, maana kinachopungua juu ndicho kinachoongezeka chini. Mnyororo huo aliuita katena, na mwaka uliofuata ikatoka ramani ya awali ya udongo wa Afrika Mashariki. Leo katena inafundishwa katika vyuo vya udongo duniani kote.

Ukitaka kuuona mnyororo huo, panda daladala pale stesheni ya TAZARA ufuate Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu. Uwanja wa ndege, Gongo la Mboto, Pugu, hadi Kisarawe: unapanda kutoka bondeni kwenda kilimani. Kinachofanyika kwenye miteremko ya juu kinateremka mpaka jijini kwa njia ya mto, kiwe maji au kiwe mchanga.

Mto Msimbazi, ambao nao huanzia vilima hivyohivyo, unaonyesha hesabu hiyo waziwazi. Msitu wa juu ulipokatwa kwa mkaa na kingo zikachimbwa mchanga, mvua ilikosa pa kuzama. Mchanga uliong'olewa huko unajaa Jangwani, chini ya daraja, na mitambo huitwa kuuzoa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Upande wa pili wa hesabu ulionekana Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikatangaza mgao. Ukame ulikuwa na lawama yake, lakini ardhi isiyomeza maji ya masika haiwezi kuyatoa kiangazi.

Wachimbaji na karo

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5.3, na wote wanataka nyumba. Fundi anataka kokoto za Lugoba kwa zege na mchanga wa kujengea. Lugoba wanapasua mwamba. Mchanga wa bei nafuu, kwa upande mwingine, mara nyingi hutoka mtoni, na lori linaloukusanya usiku linachukua kingo na kibaraza kwa pamoja. Ukingo ukishaanza kumeguka hauchagui: unakula shamba, kisha ukuta, kisha nyumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sababu yake iko hapohapo kwenye kokoto.

Lipo onyo jingine kwa mwenye kisima. Udongo unaopitisha maji upesi unapitisha na uchafu upesi. Mfinyanzi humchelewesha kijidudu cha kipindupindu, mchanga wa chembe kubwa na changarawe humpa njia. Kwa hiyo mtaani kwenye karo nyingi za vyoo, maji ya kisima kifupi yakiwa maangavu si ushahidi kwamba ni salama. Kisima kikae mbali na karo, upande wa juu wa mteremko, na maji yachemshwe au yatiwe dawa.

Jipime mwenyewe

Ukitaka kuujua udongo wa kwako, chukua udongo wa ujazo wa kopo moja, uumwagie ndoo ya maji, koroga na umwage maji machafu mpaka yatoke safi. Pima kilichobaki kwa kopo lilelile. Mchanga na kokoto vikizidi nusu, usipoteze mbolea kwa kuimwaga yote siku moja. Weka kidogo kidogo, na ongeza mboji. Na kama eneo hilo liko kando ya mto, zao lake bora ni miti: mahindi yatakulipa misimu miwili, mkuyu utamlipa hata mwenye bomba kule Chang'ombe.