Chumvi, Maji na Kifo cha Seli

Ukubwa wa seli hutawaliwa na chumvi. Kitunguu cha kachumbari kikivurugwa kwa chumvi hulainika na kutoa maji, kwa sababu maji hukimbilia kwenye chumvi nyingi. Mwilini mambo ni hayo hayo, ila utando wa seli ni wa mafuta na ioni haziupenyi. Hupita kwenye chaneli, yaani vitundu vya protini vinavyofunguka na kufungika. Ndani ya seli potasiamu hufikia milimoli 140 hivi kwa lita, nje 4 au 5 tu. Sodiamu ni kinyume chake. Tofauti hiyo hulindwa na pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila mzunguko.

Seli ikivimba, chaneli maalumu ya kloridi hufunguka. Kloridi hutoka, potasiamu hutoka kwa chaneli zake, maji huzifuata, na baada ya dakika chache seli hurudia ukubwa wake. Protini kuu ya chaneli hiyo, LRRC8A, ilitambuliwa mwaka 2014 tu, na maabara mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake.

Ajabu ni kwamba seli inayojiua kwa mpangilio, yaani apoptosi, hutumia milango hiyo hiyo ingawa haikuvimba. Husinyaa. Kusinyaa huko si dalili tu: potasiamu nyingi huzuia kaspezi, vimeng'enya vinavyoikatakata seli kutoka ndani, na ikipungua vimeng'enya hivyo hupata nafasi. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walionyesha kuwa chaneli zikizibwa, seli hainywei wala haifi upesi.

Nekrosi ni kifo kingine kabisa. Moyo ukikosa damu, pampu huishiwa nishati, sodiamu na maji huingia, seli hupasuka na kuwasha tishu jirani.

Katika selimundu, kasoro iko kwenye hemoglobini yenyewe, lakini madhara yake huzidishwa na chaneli ya potasiamu inayoamshwa na kalsiamu, iliyopewa jina la György Gárdos aliyeieleza kazi yake mwaka 1958. Oksijeni ikipungua, kalsiamu huingia kwenye chembe nyekundu, potasiamu na maji hutoka, hemoglobini husongamana na kuzidi kujipanga nyuzi nyuzi. Dawa ya senicapoc iliiziba chaneli hiyo na kupandisha hemoglobini ya wagonjwa, lakini vipindi vya maumivu makali havikupungua.