Provecho: adabu za mezani Barabara ya 18

Mara ya kwanza nilipokula katika mgahawa mmoja wa Kimeksiko jijini Chicago, nilidhani mzee mmoja amenifananisha. Alikuwa amemaliza kula, akavaa kofia yake, na alipofika kwenye meza yangu akainama kidogo, akasema: "Provecho." Akawaambia vivyo hivyo kina mama wa meza ya pili, kisha vijana wa ujenzi waliokuwa karibu na mlango, akatoka. Hapakuwa na ndugu yake hata mmoja mle ndani. Nilipomuuliza mama anayehudumu, aliniambia ndivyo walivyolelewa: ukimpita mtu anakula, mtakie chakula kimfae.

Kwetu pwani anayekula ndiye husema "Karibu", na mpita njia huitikia "Starehe". Kwa Wameksiko neno hutoka kwa anayepita. Lakini pande zote mbili ni aibu kumpita mtu mwenye sahani mbele yake kana kwamba hukumwona. Katika jiji ambalo watu hupanda lifti moja kila siku bila kusalimiana, neno hilo moja lilinifanya nirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine nyingi baadaye.

Mgahawa wenyewe uko Pilsen, mtaa wa Chicago unaokatwa na Barabara ya 18. Jina hilo waliliacha Wacheki waliohamia hapo karne ya 19. Wameksiko waliongezeka sana kuanzia miaka ya 1950 na 1960, hasa baada ya makazi yao ya jirani kubomolewa kupisha kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyofunguliwa mwaka 1965. Meza ni sita. Ukutani kuna picha ya Bikira Maria wa Guadalupe, ambaye sikukuu yake ni tarehe 12 Desemba. Taco tatu, bakuli la maharage na gilasi ya kinywaji utavipata kwa fedha ambayo katikati ya jiji haitoshi mkate wenye nyama na kahawa.

Kiini cha chakula chao ni mahindi, na hapa mla ugali anapaswa kusikiliza vizuri. Mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko takriban miaka 9,000 iliyopita, na watu wa huko waligundua jambo ambalo halikusafiri pamoja na mbegu. Wao huyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa, huyaacha yalale humo usiku kucha, huyaosha ganda likatoka, ndipo husaga unga mbichi wa kutengenezea tortilla, chapati zao nyembamba. Chokaa hiyo, jamaa ya ile ya tambuu, hulainisha punje na kuifungua vitamini ya niasini ambayo mwili usingeipata. Mahindi yalipopelekwa Ulaya na kwingineko bila ujuzi huo, maskini walioyategemea peke yake waliugua pelagra, maradhi ya ngozi, tumbo na akili. Wenye mahindi yao walikuwa na dawa yake ndani ya chungu.

Tortilla huokwa juu ya bamba la chuma, comal, ambalo ukiliona utasema ni chuma cha chapati. Huletwa zikiwa zimefungwa kitambaani ili zisipoe. Uma upo mezani, lakini taco, yaani tortilla iliyokunjwa juu ya nyama, huliwa kwa mkono: unaishika kwa vidole vitatu, unakamulia ndimu, unatia kitunguu, kotmiri na pilipili, kisha unainamisha kichwa chako, si taco. Aliyefundishwa kumega tonge hatapata taabu.

Nyama ninayoionea ajabu zaidi ni ile inayoitwa al pastor. Hupangwa kwenye mti wa chuma uliosimama, ikawa nene juu na nyembamba chini, hata wameupa jina trompo, yaani pia, ile wanayochezea watoto. Huzunguka mbele ya moto huku mpishi akichonga vipande. Aliyepita Mombasa au Muscat ataitambua mara moja: ni shawarma. Wahamiaji kutoka Lebanon na nchi jirani waliipeleka Meksiko, hasa Puebla, katika karne ya 20. Huko ikapakwa pilipili nyekundu, na nyama ya kondoo ikaiachia nafasi ya nguruwe. Kwa hiyo Mwislamu ataiangalia tu, aagize birria, mchuzi wa nyama ya mbuzi.

Vinywaji navyo vilinikumbusha nyumbani. Jamaica ni rozela. Tamarindo ni ukwaju, mti wa Afrika uliofika Meksiko enzi za Wahispania. Horchata ya kwao ni mchele uliolowekwa na kusagwa, ukatiwa mdalasini na sukari.

Binti wa mwenye mgahawa huketi meza ya nyuma akifanya kazi za shule. Akiitwa na mama yake haitikii "nini". Huitikia "mande", maana yake "niamuru". Aliyelelewa kuitikia "abee" au "labeka" haelezwi zaidi. Wapo Wameksiko wanaolikataa neno hilo, wakisema ni masalia ya kutawaliwa na Wahispania. Mimi nimelisikia likitamkwa kwa upendo mno hata siwezi kukubaliana nao. Bili nayo haiji mpaka uiombe, kwa sababu kumwekea mgeni bili mezani ni kama kumwonyesha mlango.

Kodi za nyumba Pilsen zimepanda sana, na familia nyingi za Kimeksiko zimehama tangu mwaka 2000. Nyumba za kahawa ya bei kubwa zimejaa mahali palipokuwa na maduka yao. Mgahawa wa meza sita hauna ulinzi wowote dhidi ya mwenye jengo anayetaka mpangaji tajiri zaidi, na hilo linaniuma.

Nawe ukifika Chicago, panda treni ya laini ya waridi, ushuke kituo cha 18th. Chukua fedha taslimu. Kabla ya kuagiza maharage, uliza kama yana manteca, maana hayo ni mafuta ya nguruwe. Ukimaliza kula, usitoke kimya. Pita kwenye meza za wanaoendelea kula, uwaambie: "Provecho."